Mtu akianguka mtaani, usisubiri wengine waanze

KATIKA Mtaa wa Kongo, Kariakoo jijini Dar es Salaam, watu hupita wakigusana mabega. Mwenye mkokoteni anaomba njia, machinga ananadi nguo, mama ameukumbatia mkoba wake kifuani. Hawajuani, lakini wanaelewana. "Samahani dada", "nipishe kaka", safari inaendelea.

Ugumu huja pale mmoja wao anapoanguka ghafla na kuanza kutetemeka. Watu hujaa haraka. Baadhi hutoa simu kupiga picha, wengi husimama wakitazamana.

Si lazima iwe roho mbaya. Mwaka 1968, wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya New York. Kila mwanafunzi aliwekwa chumbani peke yake, akasikia kwenye vipokea sauti vya masikioni mwenzake akipatwa na kifafa cha kuigiza. Kati ya walioamini kuwa hakuna mwingine anayesikia, asilimia 85 walitafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini wapo wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Kila mmoja alimwachia mwenzake.

Hata hivyo, watu wasiojuana husaidiana. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulichunguza picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika matukio tisa kati ya kumi, angalau mpita njia mmoja aliingilia kati.

Kwa mgonjwa wa kifafa, kipo kikwazo kingine: imani kwamba povu lake linaambukiza. Si kweli. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa mate, mkojo wala kwa kumgusa mgonjwa.

Ukimkuta ameanguka, fanya haya:

• Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kisha weka khanga au nguo laini chini ya kichwa chake.

• Legeza nguo iliyobana shingo.

• Usimkandamize na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

• Tazama saa. Mtetemeko ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali haraka.

• Ukiisha, mlaze kwa ubavu na ukae naye hadi azinduke vizuri.

Ukihitaji msaada, usipige kelele kwa umati mzima. Mchague mtu mmoja: "Kaka mwenye shati jekundu, tafuta bajaji." Aliyetajwa hawezi kumwachia mwenzake.

Nyumbani, zungumzeni jambo hili na watoto. Kama ndugu yenu ana kifafa, atembee na karatasi yenye jina lake, dawa anazotumia na namba ya simu ya mtu wa familia. Siku akianguka mbali na nyumbani, atakayempokea ni mtu asiyemjua.