Kabla Hujanunua PLC

PLC ni kompyuta ndogo ya kiwandani: inasoma swichi na sensa, inafuata programu, kisha inawasha au kuzima mota. Ilianzia Marekani. Mwaka 1968 General Motors ilikuwa imechoka kufumua nyaya za makabati ya rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) kila muundo wa gari ulipobadilika, ikaomba kifaa kinachobadilishwa kwa programu tu.

Mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti pale Singida aanze na kalamu na karatasi. Tuseme ana mota nne: ya kupandisha mbegu, ya kikaangio, ya mashine ya kukamua na ya pampu. Kila moja ina kinga inayotoa ishara ikizidiwa, hizo nne. Kitufe cha kuwasha na cha kuzima, mbili. Maboya ya tangi, la juu na la chini, mbili tena. Ishara zinazoingia ni 8. Zinazotoka ni 5: kontakta nne (swichi kubwa za kuwasha mota) na taa ya tahadhari. PLC ndogo ya Siemens LOGO! ya msingi ina njia 8 za kuingiza na 4 za kutoa, kwa hiyo tayari haimtoshi, na joto la kikaangio bado halijapimwa! Aongeze moduli ya njia za ziada, tena abakize nafasi kama robo, kwa sababu mashine mpya haziishi kuja.

Kitufe cha dharura kikate umeme wa kontakta moja kwa moja, bila kuipitia programu. Hapo hakuna mjadala.

Kuhusu chapa, Siemens, Mitsubishi, Delta na Schneider zote zinaiweza kazi hii. Mimi ningeuliza kwanza: mota zikigoma usiku katikati ya msimu, ni fundi gani wa hapa mjini atakayekuja na kompyuta yake, na anaijua chapa ipi? Nunua hiyo. Programu iandikwe kwa mtindo wa ngazi, unaofanana na michoro ya rilei ambayo mafundi umeme wengi wanaisoma tayari.

Wapo mafundi wanaoifunga programu kwa nenosiri na kuondoka nalo. Siku wasipopatikana, itabidi iandikwe upya kabisa. Kwa hiyo mkataba utaje vitu vitatu: faili halisi la programu, nenosiri, na mchoro wa nyaya. Usimalizie malipo kabla hujakabidhiwa vyote.