Andika mapema unavyotaka kutibiwa usipoweza kujisemea

Mzee mmoja aliletwa hospitalini akiwa amepata kiharusi. Hakuweza kusema, na kupumua kulimshinda. Tulipouliza familia kama tumweke kwenye mashine ya kupumulia, kifungua mimba alitaka afanyiwe kila kitu. Kitinda mimba alisema baba alimwambia hataki mashine. Mama yao alilia tu. Alifariki siku ya nne, na watoto wakaondoka bila kusemezana.

Wosia wa shamba na nyumba husomwa ukishafariki. Barua ninayoizungumzia leo inahitajika ukiwa hai, lakini huwezi kujisemea. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtambua mtu uliyemteua kwa maandishi atoe idhini ya matibabu kwa niaba yako.

Uandike nini? Kwanza, jina na simu ya mtu huyo. Chagua atakayesimamia matakwa yako hata ndugu wakimkasirikia. Si lazima awe kifungua mimba. Pili, eleza maoni yako kuhusu mashine ya kupumulia, kulishwa kwa mpira, na kushinikizwa kifua moyo ukisimama. Muulize daktari wako kila moja inaweza kukusaidia kiasi gani kwa ugonjwa ulio nao. Tatu, taja unachokithamini: kuuguzwa nyumbani, kutulizwa maumivu au kuombewa. Weka tarehe, kisha utie sahihi mbele ya mashahidi.

Usiifungie kabatini. Mpe nakala uliyemteua, nyingine iwekwe kwenye faili yako hospitalini, na uwaeleze wanao wakiwa pamoja.

Wagonjwa huniuliza, "Daktari, huku si kujitabiria kifo?" La. Wala si kukataa tiba. Unaweza kuandika kwamba unataka kila tiba inayowezekana. Hata ukikataa mashine, bado utapewa dawa za maumivu na kuuguzwa. Ukibadili nia, andika upya na uchane nakala za zamani.

Wazazi, watoto wenu wadogo huamuliwa nanyi. Andikeni pia ni nani aitwe haraka iwapo nyote wawili mtapata ajali.

Leo jioni, baada ya chakula, chukua daftari na uanze na swali moja: nisipoweza kusema, nani aniseme?