Skana Kiwandani: Jinsi Msimbo Pau Unavyoweza Kusimamisha Mashine

Wengi wetu tunaijua skana kutoka supamaketi: mhudumu anapitisha pakiti, mlio unasikika, bei inatokea. Katika viwanda vya kufunga chakula, kifaa hicho kina kazi nyingine muhimu: kuzuia bidhaa isiuzwe katika pakiti isiyo yake.

Chukua mfano wa kiwanda cha unga wa uji. Asubuhi kinafunga unga wa wimbi pekee. Mchana, unga uliochanganywa na karanga. Pakiti zinafanana kwa rangi na ukubwa. Zikibadilishwa kimakosa, unga wenye karanga utafika sokoni ukiitwa wimbi. Kwa mtoto mwenye mzio wa karanga, kosa hilo linaweza kuhatarisha maisha.

Mfumo hufanyaje kazi?

Msimbo pau wa bidhaa nyingi za dukani una tarakimu 13. Nambari zinazotolewa na GS1 Kenya huanza na 616. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 za kwanza, na hiyo huisaidia skana kutambua ikiwa imesoma vibaya.

Pakiti ikipita kwenye mkanda, jicho la umeme huiona na skana huamriwa isome. Nambari hutumwa kwa kebo hadi kwenye kidhibiti, ile kompyuta ya kiwandani inayoendesha mota na vali, ambayo mafundi huiita PLC. Kidhibiti huilinganisha na nambari ya bidhaa inayofungwa wakati huo. Zikilingana, pakiti hupita. Zikitofautiana, pakiti husukumwa kando au mkanda husimama.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Vikundi na vyama vya ushirika vinavyopanga kununua mitambo vimuulize muuzaji haya:

1. Je, skana na kidhibiti vinaelewana? Skana nyingi za dukani huunganishwa na kompyuta kana kwamba ni kibodi, na vidhibiti vingi havipokei kibodi. Skana ya kiwandani hutumia Etheneti au kebo ya siriali ya RS-232. Kwa kebo ya siriali, pande zote mbili ziwekewe kasi moja ya mawasiliano.

2. Msimbo usiposomeka, nini hutokea? Vumbi la unga au wino hafifu huweza kuificha mistari. Pakiti isiyosomeka izuiwe, isipitishwe. Pia, kidhibiti kifute nambari ya pakiti iliyotangulia kila mara. La sivyo, nambari ya zamani inaweza kuipitisha pakiti mbaya.

3. Nani atakuwa akiupima mfumo? Kila zamu ianze kwa kupitisha pakiti isiyo sahihi makusudi. Isipokataliwa, kazi isianze hadi fundi aukague.

Skana haionji unga

Skana husoma pakiti tu. Haijui kilichomo ndani. Kwa hivyo mfanyakazi anayemimina unga kwenye mashine bado anapaswa kuhakikisha ni ule uliopangwa, na mashine isafishwe kabla ya kubadilisha bidhaa.

Mkazi, ukinunua chakula kisha ugundue kilichomo hakilingani na maandishi ya pakiti, usikitumie. Hifadhi pakiti hiyo, mjulishe aliyekuuzia, na upige ripoti kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Nambari iliyo kwenye pakiti itasaidia kujua ilikotoka.