Namba Isiyojumlishwa Ihifadhiwe kama Maandishi

Kisesa, wilayani Magu, iko takriban kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara ya Musoma. Tangu 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wamekuwa wakifuatilia kaya za huko. Mwaka 2015 kanzidata ya kaya ilianza kuunganishwa na kumbukumbu za kituo cha afya: programu ililinganisha majina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na kijiji, naye mgonjwa akasaidia kutambua kumbukumbu yake. Hivyo ndivyo ilivyowezekana kujua iwapo wenye VVU huko wanaifikia tiba.

Kazi ya namna hii hukwama mapema pale aina za data zisipolingana. Kila safu ya kanzidata hutangazwa kuwa namba, maandishi au tarehe. Namba ya simu ikiwekwa kama namba, sifuri ya mwanzo hupotea. Upande wa pili, uliohifadhi maandishi, hauioni tena kuwa ni ileile. Tarehe 03/04/1985 mfumo mmoja huisoma 3 Aprili, mwingine 4 Machi.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho hugeuka sifuri, na watu wawili wanaweza kuonekana mmoja. Hata namba nzima ya biti 64 isiyo na hasi katika kanzidata hukomea 18,446,744,073,709,551,615, wakati namba ya NIDA ya aliyezaliwa karne iliyopita huanza na 19. Haienei.

Tatizo likitokea, kagua kwanza aina ya safu pande zote mbili. Badilisha nakala, usiguse data asilia. Ondoa vistari na nafasi, jaribu kumbukumbu chache, kisha hesabu zilizooana na zilizokataliwa. Zilizokataliwa zitenge zichunguzwe, zisifutwe. Tarakimu zilizokwisha kupotea hazirudi kwa kubadili aina. Sharti zirejeshwe kutoka chanzo.

Unayeandaa kanzidata ya zahanati, shule au chama cha wavuvi, jiulize: namba hii itajumlishwa? Kama haitajumlishwa, itangaze kuwa maandishi tangu siku ya kwanza, maana nyuma yake yupo mtu anayestahili kutambuliwa.