Hesabu ya mvinyo wa kuwatakia maharusi heri

KAMATI nyingi za harusi huhesabu viti, sahani na hata soda, lakini mvinyo wa kuwatakia maharusi heri hununuliwa kwa kubahatisha. Matokeo huwa mawili: ama meza za nyuma husimama zikiwa na bilauri tupu, au chupa ghali hufunguliwa na kumwagwa huku pesa za michango zikipotea.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chupa ya kawaida ya mvinyo wa mapovu, ambao wengi huuita shampeni, huwa na mililita 750. Kwa hakika, jina hilo ni la mvinyo unaotoka eneo la Champagne nchini Ufaransa. Prosecco ya Italia na Cava ya Uhispania kwa kawaida huwa na bei nafuu, na chupa zake ni za ujazo huo huo.

Linaloamua idadi ya chupa ni kipimo. Anayeinua bilauri kutakia heri hunywa mafunda machache tu, na mililita 100 zinamtosha. Kwa kipimo hicho, chupa moja huwafaa watu saba. Mhudumu akimimina mililita 150, chupa hiyo hiyo huwatosha watu watano pekee.

Baada ya hapo, sharti ijulikane ni nani watakaokunywa. Baadhi ya wageni huepuka vileo kwa sababu ya dini, afya, ujauzito au kwa kuwa wataendesha magari. Watoto nao hawamo katika hesabu hii. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia au kumpa kileo aliye chini ya umri wa miaka 18.

Chukua mfano wa harusi ya wageni 200. Ikiwa 40 ni watoto na watu wazima 60 hawanywi, wanaosalia ni 100. Ukigawanya kwa saba, utahitaji chupa 15. Ongeza mbili za akiba, kwani baadhi ya mvinyo humwagika. Jumla ni 17, yaani katoni tatu za chupa sita sita, na moja itabaki. Kwa kipimo cha mililita 150, ungehitaji chupa 20 kabla ya akiba.

Wageni 100 wasiokunywa pia wanastahili kitu cha kuinua. Maji ya zabibu yenye gesi, yasiyo na kileo, huhesabiwa kwa njia iyo hiyo.

Ubaridi nao huokoa mvinyo. Chupa yenye joto hufoka inapofunguliwa, na sehemu yake huishia sakafuni. Itumbukize katika ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji kwa muda wa nusu saa, kisha mimina polepole bilauri ikiwa imeinamishwa. Wahudumu waanze kumimina msemaji wa mwisho anapokaribia kumaliza, la sivyo hotuba ndefu itamaliza mapovu.

Hatimaye, kabla ya kulipa, kamati iulize muuzaji iwapo atapokea chupa ambazo hazitafunguliwa. Zile za akiba zisitiwe barafuni mapema, kwani lebo zikilowa na kubanduka, huenda akazikataa.