Mchanga Unapoondoka, Maji Huenda Wapi?

Mto Kizinga hushuka kutoka vilima vya Pugu, hukatiza Temeke na kuishia baharini karibu na bandari. Tangu enzi za ukoloni maji yake husafishwa Mtoni kwa matumizi ya jiji. Mto huohuo, pamoja na jirani yake Mzinga, huchimbwa mchanga wa kujengea nyumba ambazo nazo zitahitaji maji.

Mchanga wa mtoni hushikilia maji ya masika, huyachuja na kuyaachia taratibu wakati wa kiangazi. Kitako cha mto kikichimbwa, maji ya ardhini kandokando hushuka kukifuata. Visima vifupi hukauka, na karibu na bahari chumvi huweza kupenya. Kaya hubaki na madumu machache, na kinachopunguzwa kwanza ni maji ya kunawa mikono. Hapo kuhara huingia. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Dar es Salaam kabla ya kuenea nchini. Maji ya kisima kilichosalia yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima.

Yapo pia mashimo yasiyofukiwa. Katika vidimbwi vyenye jua mbu wa malaria hukua kutoka yai hadi kuruka kwa takriban siku 7 hadi 14. Penye majani, konokono wa kichocho hujistawisha. Basi kijana mchimbaji akifika kituoni akikojoa damu, aulizwe kazi yake, na mkojo ukusanywe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yatokapo kwa wingi.