Metali Sumu katika Kuku wa Kufugwa (Sehemu ya Pili): Aseniki Iliyotiwa kwa Idhini

Metali sumu nyingi humwingia kuku bila mfugaji kukusudia, ama kwa maji ya kisima, ama kwa udongo anaoudonoa, ama kwa dagaa na pumba zilizomo katika chakula chake. Aseniki, ambayo kwa wanakemia ni nusu metali ingawa sumu yake huhesabiwa pamoja na za metali nzito, ina historia tofauti, kwani nchini Marekani ilitiwa katika chakula cha kuku kwa makusudi, tena kwa idhini ya serikali, kwa zaidi ya miaka 60.

Dawa iliyoibeba iliitwa roksasoni, nayo iliidhinishwa mwaka 1944 ili kuzuia koksidiosisi, yaani maradhi ya kuhara damu yanayoletwa na vimelea vya utumbo. Lakini pamoja na hayo iliharakisha ukuaji wa kuku na kuipa nyama rangi ya kuvutia wanunuzi. Utetezi wake ulikuwa kwamba aseniki iliyoungana na kaboni, kama ile ya roksasoni, ina sumu ndogo kuliko isiyoungana nayo, ambayo husababisha saratani ya ngozi, mapafu na kibofu, na kwamba kuku huitoa dawa hiyo ikiwa haijabadilika. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ilitoka na kinyesi. Lakini kinyesi hicho kilimwagwa mashambani kama mbolea, na bakteria wakaivunja dawa hadi ikarudi kuwa aseniki ile ile iliyoogopwa.

Juni 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatangaza kwamba maini ya kuku waliolishwa roksasoni yalikuwa na aseniki isiyoungana na kaboni kwa wingi kuliko ya wasiolishwa. Kiwango kilikuwa kidogo, wala watu hawakukatazwa kula kuku, ila uuzaji wa dawa ulisimamishwa. Idhini za dawa 3 za jamii hiyo zilifutwa mwaka 2013, na ya nne, nitasoni, iliyotumiwa kwa bata mzinga, ikaondolewa mwishoni mwa 2015.

Mpishi hana la kufanya hapa, maana moto huua bakteria lakini hauondoi aseniki. Mamlaka yoyote inayoidhinisha kiungo cha chakula cha mifugo haina budi kudai vipimo vya ini na vya samadi kabla ya kutia saini.

Sehemu ya tatu itaeleza madini ya risasi katika mayai ya kuku wanaofugwa mijini.